Ugonjwa Asioutaja Askari

Kijana wa Nyabibuye anapochukuliwa jeshini, habari hiyo haiwi ya nyumba moja. Mama yake huleta sadaka ya shukrani, kwaya humwimbia, nasi wachungaji pamoja na wazee wa kanisa humwekea mikono na kumwombea mbele ya madhabahu. Wengi huanzia JKT. Kambi ya Kanembwa iko katika wilaya yetu ya Kakonko, iliyogawanywa kutoka Kibondo mwaka 2012, na ile ya Mtabila iko Kasulu; hivyo hata watoto wetu wa shule ya msingi wanajua kwata ni nini. Na kwa kuwa tunaishi karibu na mpaka wa Burundi, tukiwa tumepokea wakimbizi mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, hakuna haja ya kutueleza kwa nini nchi inahitaji walinzi.

Hatuoni haya kumwombea askari. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima kumjibu afisa mmoja wa jeshi, Assa von Kram, aliyesumbuliwa na swali kama mtu wa kazi hiyo anaweza kusimama mbele za Mungu kwa dhamiri safi. Luther alijibu kwamba anaweza, maana kulinda wengine ni utumishi kwa jirani. Kwa hiyo tunawaombea vijana wetu: Bwana awakinge na risasi, na ajali za barabarani, na majaribu ya kuwa mbali na nyumbani. Insha hii inataka kuongeza jambo moja katika maombi hayo. Ni jambo ambalo watu wazima hulisema kwa kunong'ona, na askari halisemi kabisa. Ni saratani ya utumbo mpana.

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, ambamo maji hufyonzwa na mabaki hugeuka kuwa choo. Mara nyingi saratani yake huanza kama kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani. Kinyama hicho hakiumi. Kinaweza kukaa miaka kumi hivi kabla ya kugeuka kuwa saratani, na daktari akikiona mapema, kwa kamera ndogo inayopitishwa njia ya haja kubwa, anaweza kukiondoa papo hapo. Kikiachwa, kinakua, kinavuja damu, kinaziba njia, na mwisho mbegu zake husafiri hadi kwenye ini na mapafu. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 1.9 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na zaidi ya 900,000 walikufa kwayo.

Wengi wetu tumeizoea kama habari ya wazee na ya Wazungu. Mwanasoka Pele alipofariki kwayo Desemba 2022 alikuwa na miaka 82, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini mwigizaji Chadwick Boseman, ambaye vijana wetu walimwona kwenye sinema akiwa mfalme wa Kiafrika mwenye nguvu, aligundulika mwaka 2016 na kufariki mwaka 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45, kwa sababu waliona ugonjwa unazidi kuwafikia wenye umri mdogo. Hapa kwetu, madaktari wa Bugando, Mwanza, walipochapisha mwaka 2013 habari za wagonjwa wao wa saratani hii, umri wa katikati ulikuwa kwenye miaka ya arobaini, na wengi walikuwa wamefika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusonga mbele.

Mmoja wa vijana hawa alikuwa wetu. Kijiji kizima kilimwita Koplo, na hivyo ndivyo tutakavyomwita hapa. Jina lake wanalijua waliomzika. Tulimfundisha kipaimara, tukambariki alipokwenda jeshini, tukafungisha ndoa yake. Alikuwa mkimbiaji. Akija likizo alikuwa akiwahi shambani kabla ya jua na kumaliza matuta ya muhogo ambayo wengine huyagawa kwa siku mbili.

Alipokuwa na miaka 30 alianza kuona matone ya damu kwenye choo. Akadhani ni bawasiri, kwa sababu ya kukaa muda mrefu kwenye malori na kubeba mizigo. Akanunua dawa ya kupaka duka la dawa, damu ikakoma, baadaye ikarudi. Kisha siku nyingine akafunga choo, siku nyingine akaharisha, akanywa dawa za amiba na za minyoo. Kisha pumzi ikaanza kumwishia kwenye mbio alizokuwa akiziongoza. Mwaka mmoja na nusu ulipita. Wakubwa wake hawakujua, wenzake hawakujua, mke wake hakujua. Aliogopa jina lake lisije likafutwa kwenye orodha ya kozi aliyoisubiri. Na alikuwa na sababu nyingine, ambayo alitueleza baadaye kwa maneno yake:

"Mchungaji, jeshini mtu anajifunza kutembea na malengelenge bila kuchechemea. Nikadhani na hili ni lengelenge."

Aliyeugundua ugonjwa ni mama yake. Koplo alikuja likizo wakati wa kuvuna maharage, naye mama akiwa anafua aliona mkanda wa suruali una matundu mawili mapya, yaliyotobolewa kwa msumari. Akaona na madoa kwenye nguo za ndani. Hakumwambia mwanawe neno. Alimwendea mke wa mwinjilisti, naye akamwambia mzee wa kanisa mmoja, na jioni ile wazee wawili wakaenda kukaa na Koplo chini ya mwembe mpaka aliposema. Aliporudi kikosini akatoa taarifa, na tangu siku hiyo hakuchelewa hatua hata moja: alipelekwa kupimwa, akafanyiwa upasuaji, akaanza dawa za saratani. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini.

Tukikumbuka mama yule na nguo zake za kufua, tunaisoma upya habari ya Naamani katika 2 Wafalme 5. Naamani alikuwa jemadari, mtu mkubwa, shujaa, na chini ya sare yake kulikuwa na ukoma. Ukitazama vizuri, hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwonyesha njia ya kupona. Habari ya nabii ililetwa na msichana mateka, mtumishi wa mkewe, yaani mtu wa ndani ya nyumba, anayeona kisichoonekana kwenye gwaride. Naamani alipokasirika na kutaka kurudi zake, waliomsihi ashuke Yordani walikuwa watumishi wake. Shujaa alipona kwa sababu aliwasikiliza wadogo waliolijua tatizo lake. Na katika Luka 7 kuna akida wa Kirumi ambaye mtumishi wake alikuwa mgonjwa karibu na kufa. Akida yule hakuona kwamba cheo chake kinapungua kwa kuomba msaada. Aliwatuma wazee waende kwa Yesu kwa niaba ya mtu aliye chini yake. Kila kamanda Mkristo na kila mzee wa kanisa anayo sura ile ya kujisomea.

Kinachowaua vijana wetu pamoja na saratani ni aibu. Mwezi Desemba 2017 taifa lilipopata habari ya askari wake 14 wa ulinzi wa amani waliouawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, tuliomboleza kwa heshima, na heshima ile iliwastahili. Risasi haina aibu. Lakini ni nani atakayetaka kusimuliwa kwamba aliangushwa na utumbo? Kwa hiyo kijana asiyemwogopa adui anaogopa kumwambia daktari habari za choo chake.

Maandiko hayana aibu hiyo. Kumbukumbu la Torati 23 inatoa amri kwa askari walioko kambini: wawe na mahali nje ya kambi, na katika zana zao wawe na kijiti cha kuchimbia, wapate kufukia kile kinachowatoka. Sababu inayotolewa ni kubwa kuliko usafi, nayo ni kwamba Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Mungu anayehesabu majeshi ya nyota aliona vema kuzungumza na askari wake juu ya choo. Luther naye, mwaka 1521, alipofichwa katika ngome ya Wartburg, aliwaandikia rafiki zake, Melanchthon akiwa mmojawao, akilalamika waziwazi juu ya taabu aliyoipata ya kufunga choo. Baba wa kanisa letu hakuona kwamba habari hiyo inaichafua barua ya mtumishi wa Mungu.

Yuko na mwingine wa kukumbukwa hapa, maana alifanya kazi Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt wa Ireland, Mkristo mcha Mungu, alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha mwaka 1946 akaja kufanya kazi Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri maelfu ya maili kwa gari wakizungukia hospitali za Afrika Mashariki na Kati, wakichunguza saratani ya watoto ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Baadaye aliuliza swali jingine: kwa nini saratani ya utumbo mpana ni nyingi Ulaya na ni haba vijijini Afrika? Alifikia jibu kwamba chakula chetu chenye makapi mengi, yaani nafaka isiyokobolewa, maharage, mboga na mizizi, hupita upesi tumboni na kuulinda utumbo. Ili kulipima wazo lake hakuona haya kufanya utafiti wa uzito wa choo cha watu na muda chakula kinachokaa tumboni.

Mpaka leo wataalamu wanakubali kwamba chakula cha namna hiyo ni kinga. Lakini kinga si ngome isiyobomoka, na sisi wenyewe tunabadilika. Muhogo na maharage vinaachia nafasi chipsi, soda na mkate mweupe. Sigara, pombe na unene huongeza hatari. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitaja nyama iliyosindikwa, kama soseji, kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani hii. Na wako wanaorithi hatari katika ukoo: ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua, anapaswa kupimwa mapema kuliko wengine.

Hapo ndipo tunapokutana na maneno ya kijijini. Koplo alikuwa amejenga nyumba ya bati na matofali ya kuchoma, na wako waliosema ametupiwa kitu na wenye wivu. Wengine, wanaojiona wa kiroho zaidi, waliuliza ametenda dhambi gani. Yesu alikwisha kulijibu swali hilo katika Yohana 9, na hatuna la kuongeza. Mambo yanayoudhuru mwili yanaweza kutafutwa na kutajwa. Marekani, mwaka 2022, ilipitisha sheria kwa ajili ya wanajeshi waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka walipokuwa vitani Iraki na Afghanistani. Saratani za njia ya chakula ziliwekwa kwenye orodha ya magonjwa wanayohudumiwa bila kudaiwa ushahidi zaidi. Hatusemi kwamba jeshi ndilo lililompa Koplo saratani. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Tunasema kwamba ugonjwa una njia zake, na ramli haikuwa mojawapo.

Baada ya upasuaji Koplo alirudi nyumbani akiwa na mfuko tumboni, ambamo choo kilipitia. Jumapili ya kwanza alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, akiogopa harufu. Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa, mtu asiye na maneno mengi, aliondoka mahali pake pa mbele alipozoea kukaa kwa miaka mingi, akaenda kukaa ubavuni mwake. Akakaa hapo kila Jumapili. Siku ya Chakula cha Bwana walikuja pamoja. Sisi tuliosoma chuo cha theolojia tulifundishwa kwamba katika Marko 5, Yesu anapomwambia mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 kwamba imani yake imemponya, neno la Kigiriki ni lile lile la kuokoa. Somo hilo tulilisoma darasani. Tuliliona kwenye benchi la nyuma.

Miezi ile tulimtembelea mara nyingi. Siku moja aliuliza: "Mchungaji, ningesema siku ile ya kwanza, ningekaa na ninyi miaka mingapi zaidi?" Swali hilo lina jibu la kweli, na linauma, maana wengi wanaogundulika mapema hupona. Hatukumficha. Lakini tulimwambia pia kwamba hilo si swali ambalo Mungu atamuuliza mlangoni. Atapokelewa kwa ajili ya Kristo, wala si kwa kuwahi au kuchelewa kwake hospitali. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wenzangu waambieni ninyi. Siku yangu ikifika, litajeni kwa jina."

Alifariki akiwa na miaka 33. Siku ya maziko baba yake mkubwa alituita kando, nyuma ya turubai. "Mchungaji," alisema, "sema aliugua tumbo, inatosha. Habari za choo mbele ya wakwe, mbele ya askari hawa na bendera yao, hapana. Utamvua nguo mtoto wetu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiilinda heshima ya marehemu kwa namna aliyoijua. Kabla hatujajibu, mama yake Koplo, aliyekuwa amekaa mkekani karibu nasi, alisema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemfulia nepi, na mimi ndiye niliyemfulia mwisho. Mwache mchungaji aseme."

Tukasema. Tulisema kwamba ndugu yetu amekufa kwa saratani ya utumbo mpana, na kwamba ilianza kwa damu kwenye choo ambayo hakumwambia mtu. Kulikuwa kimya. Askari waliokuja kumsindikiza walisimama wima, na mmoja wao aliinamisha kichwa.

Kabla ya kuanua matanga wanaume watatu walitujia, kila mmoja kwa wakati wake, wote baada ya giza kuingia. Wawili walikubali kwenda kituo cha afya. Mmoja alionekana kuwa na bawasiri kweli, akatibiwa. Mwingine alipelekwa mbele hadi Mwanza, akaondolewa vinyama viwili, na msimu huu amelima. Wa tatu hajaenda. Tunaendelea kumtembelea.

Tunaandika haya ili usharika mwingine nao uyatende. Damu kwenye choo, iwe nyekundu au nyeusi kama lami; choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa; kuhisi haja haijaisha baada ya kutoka chooni; tumbo linalouma mara kwa mara; kupungua uzito bila sababu; uchovu na upungufu wa damu kwa mwanamume kijana: kila moja kati ya hayo ni sababu ya kumwona mganga wa hospitali. Mara nyingi itakuwa bawasiri, amiba au minyoo, na utarudi nyumbani ukimshukuru Mungu. Lakini ni daktari aseme hivyo, si muuza duka, wala si wewe mwenyewe. Dawa ikiisha na dalili ikarudi, rudi nawe. Waombe wakupime, na uulize kama unahitaji kipimo cha kamera. Kutoka kwetu safari ni ndefu, kupitia Nyakanazi, Geita na Sengerema hadi Bugando. Wengine hutumwa KCMC, Ocean Road au, kwa wanajeshi, Lugalo. Nauli humshinda mtu mmoja, lakini haiwashindi watu wa mtaa mzima wanaoweza kuchanga mahindi na maharage siku ya mavuno.

Asiwepo wa kusema kwamba kwenda hospitali ni upungufu wa imani. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, Luther aliandika kwamba Mungu ameumba dawa na kutupa akili tuutunze mwili, na anayezidharau anamjaribu Mungu. Katika Katekisimo Ndogo, tunapoieleza amri ya tano, tunakiri kwamba kutoua kunamaanisha pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili. Mama aliyeona mkanda wenye matundu mapya aliitimiza amri hiyo kwenye beseni la kufulia.

Na wewe kijana wetu uliye kambini, kama insha hii itakufikia: mlinzi anayeona mtu amepenya usiku akanyamaza ili asionekane mwoga, hakuna jeshi linalomwita jasiri. Ezekieli 33 inasema wazi kazi ya mlinzi ni kupiga tarumbeta. Mwili wako ni lindo ulilopewa na Mungu. Damu ikionekana, kuna kilichopenya. Toa taarifa asubuhi hiyo hiyo, kwa daktari wa kikosi, kwa jina lake halisi, bila kunong'ona. Sisi huku Nyabibuye tumekuweka kwenye maombi ya kanisa ya kila Jumapili, na sasa tunaomba pia kwamba Bwana akupe ujasiri wa kusema, "Naumwa."